Petroli ya kawaida au ya oktani ya juu: ipi inaifaa injini gani?

Dereva wa Nairobi:
Ndugu wanachama, nyumbani tuna magari mawili yaliyotoka Japani, Toyota Vitz ya mke wangu na Subaru Forester yangu yenye turbo. Kwa wiki tatu nimeyajaza yote mawili petroli ya oktani ya juu. Vitz haijabadilika, si kwa mwendo wala kwa ulaji wa mafuta, ilhali Forester, ambayo ilikuwa ikigonga kama kokoto ndani ya kopo kila nilipopanda kutoka Mai Mahiu, sasa inapanda kimya. Je, Vitz niirudishe kwenye ya kawaida?

Fundi wa Pwani:
Irudishe bila wasiwasi, ndugu yangu. Oktani si kipimo cha nguvu iliyomo kwenye mafuta. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kugandamizwa na kupashwa joto silindani bila kujiwasha yenyewe. Isiyostahimili hulipuka kabla moto wa plagi haujaifikia, na mshindo huo ndio unaousikia ukigonga. Ukiachwa uendelee, hula kichwa cha pistoni na kuunguza gasketi. Turbo huongeza hewa silindani, na mgandamizo ukizidi, oktani nayo lazima ipande. Kwa kanuni za Japani, petroli ya kawaida haipungui RON 89 (RON ni namba ya oktani inayopimwa maabara) na ya juu haipungui RON 96. Vitz iliundiwa hiyo ya kawaida, kwa hiyo nyongeza unayolipa haiifikii injini kwa namna yoyote.

Mwanachama wa Dar es Salaam:
Naomba niongeze jambo, kwa sababu wengi hudhani kwamba injini ikiwa kimya basi imeridhika. Magari ya siku hizi yana sensa inayosikia kugonga kukianza, na kompyuta huchelewesha cheche papo hapo. Hutasikia kitu, lakini gari huwa zito mlimani na mafuta huisha mapema. Aidha, mwenye gari la Marekani asitishwe na namba 87 kwenye kitabu chake: wao hutumia wastani wa vipimo viwili vya oktani, na 87 yao inakaribia RON 91.

Mkazi wa Johannesburg:
Mwinuko nao una neno. Huku bara petroli ya 93 ni ya kawaida, ilhali pwani, kama Durban, huuzwa 95, kwani hewa nyepesi ya juu hupunguza mgandamizo silindani. Lakini turbo hufidia upungufu huo kwa kusukuma hewa zaidi, hivyo mwinuko wa Nairobi usiutegemee kuiokoa Forester.

Dereva wa Nairobi:
Nimeelewa, na Vitz inarudi leo. Nikikwama safarini penye ya kawaida pekee?

Fundi wa Pwani:
Jaza nusu tu, uichanganye na iliyobaki tangini. Oktani ya mchanganyiko hukaribia wastani wa hizo mbili. Kanyaga mafuta polepole milimani, ushuke gia mapema, hadi utakapopata ya juu.