Je, mwanafunzi wa uchoraji Bagamoyo ajifunze misuli kwa mtu aliye hai?

Mtoa mada: Ndugu zangu, wapo wazazi hapa Bagamoyo wanaosema kwamba picha za vitabuni zinatosha, na kwamba kumsimamisha mtu kifua wazi mbele ya darasa ni kuvunja heshima. Heshima hiyo naithamini, lakini hoja ya vitabu siikubali, kwa sababu kitabu huonyesha msuli uliotulia, ilhali kinachobadili sura ya ngozi ni msuli unaofanya kazi.

Jaribuni wenyewe. Kunjeni kiwiko, kiganja kitazame juu, nanyi mtaliona tafu la mkono, msuli wa mbele juu ya kiwiko, likijikusanya na kupanda. Sasa kigeuzeni kiganja chini bila kukunjua kiwiko, na tafu lile lile litalegea na kutandaa, maana kazi yake si kukunja kiwiko tu, bali pia kuugeuza mkono. Wakati huohuo, ndani ya kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, mfupa wa upande wa kidole gumba huvuka juu ya mwenzake, na kigasha chote hubadili umbo. Asiyelijua hilo huchora mkono kama bomba la maji. Shingoni nako, baharia anayetweka tanga akigeuza uso kulia, ugwe wa msuli unaosimama ni wa kushoto, ule unaotoka kidarini na kwenye mtulinga, mfupa ulio kati ya shingo na bega, kwenda nyuma ya sikio. Nimeona sanamu nzuri zilizowekewa ugwe wa upande usio wake, nami huumia, kwa kuwa mkono uliozichonga ni hodari.

Mchangiaji: Mwalimu, mbona mashetani ya Kimakonde, vile vinyago, yamepindishwa viungo vyote na bado yanasifiwa duniani? Huoni unatuletea kipimo cha Ulaya?

Mtoa mada: Swali lako ni zito, ndugu yangu. Mchongaji wa shetani hupinda kiungo kwa kukusudia, na macho yetu huyaona mapindo hayo kwa sababu tunaujua mwili ulionyooka. Tena huko Ulaya kwenyewe mchoraji Leonardo da Vinci, aliyepasua maiti ili aione misuli, aliwaonya wachoraji wasiutokeze kila msuli, mwili ukafanana na gunia la njugu. Mafuta na ngozi hufunika mengi.

Kuhusu heshima, napendekeza darasa lihamie ufukweni, kwa mabaharia na wachukuzi ambao tayari hufanya kazi vifua wazi, waombwe ruhusa kwanza na walipwe kwa muda wao.