Nani hasa alianzisha lugha za obijekti?

kodi_usiku: Wakuu habari zenu, kila nikisoma naona mwanasayansi wa kompyuta Alan Kay ndiye baba wa mambo ya klasi na obijekti kwenye lugha za programu (obijekti ni kipande cha programu chenye data na kazi zake, klasi ni ramani ya kuitengenezea), ila kuna jamaa kaniambia ni Wanorwe. Ukweli ni upi?

mzee_wa_terminal: Jamaa yako yuko sahihi mkuu. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, Oslo, pale kituo cha kompyuta cha Norwe, walikuwa wanatengeneza lugha ya kuiga mifumo kama foleni za wateja, na kwenye lugha hiyo, Simula 67, tayari unakuta klasi, klasi ndogo inayorithi kutoka klasi nyingine, hadi prosija za virtual (kazi ambazo klasi ndogo inaweza kuziandika upya). Yaani ukiandika "extends" (neno la kurithi klasi) kwenye lugha ya Java leo, wazo lilitoka huko! Wakapewa tuzo ya Turing ya 2001, ile tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka uliofuata wote wawili wakafariki.

binti_smalltalk: Sikatai, ila msimnyime Kay haki yake. Aliiona Simula akiwa bado mwanafunzi, na jina lenyewe la staili hii, "object-oriented", ni lake. Kwake kitu kikubwa ni obijekti kutumiana meseji, sio urithi. Na mbona hamumtaji Dan Ingalls aliyeifanya Smalltalk, lugha ya Kay, ikimbie kwenye mashine kweli 1972 pale Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, au Adele Goldberg aliyekuwa kwenye timu hiyo hiyo? Inaniuma sana wakisahaulika.

kodi_usiku: Aisee asanteni. Na lugha ya C++ je?

mzee_wa_terminal: Klasi zake zimetoka Simula moja kwa moja, Bjarne Stroustrup aliyetengeneza C++ aliitumia Simula akisoma Cambridge, akaipenda ila ilikuwa nzito, ndo 1979 akaanza kuingiza klasi kwenye lugha ya C.