Wauza spea za TV za chogo, mnatumaliza mafundi wa mikoani!

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Mimi ni fundi TV hapa Kigoma, kibanda changu kiko Mwanga, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na saba sasa.

Mezani kwangu imekaa wiki tatu Sony Trinitron ya inchi 21 ya mzee mmoja wa Ujiji, mstaafu wa reli. Aliinunua Dar mwaka 1998, akaifunga kwenye blanketi, akaja nayo kwa treni. Kioo chake mpaka leo ni kizima. Picha ikiwa nyeupe, ukisogeza uso karibu unaviona vile vivuli vya nyuzi mbili nyembamba vinavyokatiza kioo toka upande mmoja hadi mwingine, alama ya Trinitron halisi, na rangi hazijafifia.

Kilichokufa ni flaibaki, ile transfoma inayokipa kioo umeme mkubwa. Nilizima taa ya kibanda nikaiwasha, nikaona cheche ya buluu inaruka kutoka kwenye ufa mdogo kama mdomo wa sisimizi, inalia sss, na ile harufu kali ya umeme ikajaa kibanda kizima. Mafundi mnaelewa. Hizo ni volti zaidi ya 20,000 zinatafuta pa kutokea, hakuna gundi ya kuziba hapo. Ni kubadilisha tu.

Nikampigia muuzaji Kariakoo, nikamsomea namba herufi kwa herufi. "Ipo fundi, mpya, oriji." Nikamtumia 48,000 na hela ya basi. Ikaja kwenye boksi safi. Kuitoa, miguu ina risasi ya zamani ya kuchomelea, na mguu mmoja bado umeng'ang'ania kipande cha shaba cha bodi ilikong'olewa! Namba niliyoagiza imebandikwa kwa stika. Nikaichuna kwa ukucha, chini yake kuna namba nyingine kabisa. Kumpigia ananijibu, "Jaribu tu fundi, hizo zinaingiliana." Zinaingiliana vipi wakati mpangilio wa miguu ni tofauti? Nikiifunga naua na vingine vilivyobaki salama. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Na hii si mara ya kwanza. Kabla ya hapo niliagiza transista kumi za D1555, zile zinazoiendesha flaibaki, kwa muuzaji mwingine. D1555 halisi inahimili volti 1,500 na ampia 5. Ya kwanza nikaifunga, nikawasha kupitia balbu kama kawaida yangu, ili kama kuna shoti umeme upunguzwe na balbu, picha ikaja vizuri. Mteja akaenda nayo Gungu, siku ya nne akarudi nayo imekufa. Nikafunga ya pili, haikumaliza saa moja. Nikachukua koleo nikaipasua, nikapasua na ile oriji ya zamani niliyoitoa, nikaziweka pamoja. Kipande cha ndani cha oriji kina ukubwa wa punje ya mchele iliyokatwa nusu. Cha hii ya kununua ni kama ufuta! Na maandishi ya juu yakafutika kwa pamba yenye thina. Mteja yule haamini habari za ufuta na mchele. Anachojua ni kwamba fundi wa Mwanga amekula hela yake mara mbili, na huko mtaani anakosema hivyo mimi sipo kujitetea.

Nyie mlioko Dar spea mbovu mnairudisha kesho yake, mnagombana na muuzaji uso kwa uso. Sisi tuko zaidi ya kilomita 1,200 huku mwisho wa reli. Nauli ya kurudisha na ya kuletewa nyingine inakula faida yote. Wanalijua hilo, ndiyo maana takataka zote wanazipakia kwenye mabasi ya mikoani.

Wapo watakaokuja hapa kuniambia TV za chogo zilikufa na analojia. Analojia ilianza kuzimwa Dar usiku wa 31 Desemba 2012, ni kweli, lakini kilichozimwa ni mitambo ya kurushia matangazo. TV inapokea king'amuzi kwa zile waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, na taarifa ya habari mzee anaiangalia kama wewe. Wengine watasema nifunge bodi ya Kichina ya kuingia kila TV. Nimezifunga nyingi. Kwenye kioo cha inchi 29 mara nyingi picha inaingia ndani pembeni kama kiuno, na bodi ya TV yenyewe iliyotengenezwa kwa kioo hicho ndiyo imeshatupwa.

Halafu kuna hawa wa vyuma chakavu, hawa ndio wananiuma zaidi. Chogo linaharibika kitu kidogo, wanalinunua kwa 3,000, wanapiga nyundo shingo ya kioo ili wachomoe ile koili ya shaba. Shingo ikivunjika hewa imeingia, kioo kimekufa. Bodi inakanyagwa, flaibaki nzima inaachwa kwenye matope, na kile kioo chenye madini ya risasi kinamwagwa korongoni ambako watoto wanacheza. Wiki iliyopita nilikuta Trinitron mbili zimefanywa hivyo karibu na Katubuka. Flaibaki zote mbili zilishapasuka.

Spea ya mtumba sina ugomvi nayo. Niambie ni mtumba, niambie umeichomoa kwenye TV gani, ipime, nitainunua na nitakushukuru. Ila usinibandikie stika.

Juzi mzee alikuja tena. Alikaa kwenye benchi, akaitazama TV yake ilivyofunguliwa, akasema, "Mwanangu, kama imeshindikana niambie tu nijue." Nilimwomba anipe hadi mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo wakuu, mwenye Trinitron ya inchi 21 iliyokufa kioo au iliyopigwa na radi, asiwape wa vyuma chakavu. Piga picha ya namba iliyo kwenye flaibaki uiweke hapa. Ikiwa ndiyo, naifuata mwenyewe, iwe Kasulu, Uvinza au Tabora, na hela nalipa mkononi.