Naomba ushauri: dokta wa mama kahama, tumfuate au tubaki?
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Mama yangu ana presha na sukari, miaka 9 anaonwa na dokta mmoja hapa Dar, yani akiingia tu mlangoni dokta anaona miguu imevimba kabla mama hajasema kitu. Sasa kahamia Kibaha. Toka ahame kila kliniki tunakuta dokta mpya, mwezi jana mmoja akamwandikia captopril, dawa ya presha iliyowahi kumletea kikohozi kikavu hadi hapati usingizi, na yule wa zamani alishaandika kwa wino mwekundu kwenye daftari la mama kuwa haimfai ila hakuna aliyelifungua. Je tumfuate Kibaha, na magoti ya mama yanayomsumbua, au inawezekana kuomba awe na dokta mmoja hapahapa? Mliopitia hili nisaidieni, naogopa kwa kweli.