Naomba ushauri: tairi za Datsun 240Z, rimu 14

Wakuu heshima kwenu, msaada tutani.

Nina Datsun 240Z ya 1972, ndugu wa zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 (mzee wangu akiiona mpaka leo anasahau chai yake). Rimu ni zilezile za chuma, inchi 14, upana 4.5. Kiwandani ilivaa saizi 175 R14 (upana wa tairi milimita 175, rimu inchi 14). Tairi nilizonazo hazijawa vipara, ila ubavuni zimeandikwa 1413, yaani wiki ya 14 mwaka 2013, na ukiinama unaona vijinyufa kama tope lililokauka.

Nimezunguka Kariakoo na Ilala siku mbili. Saizi hiyo naipata kwenye tairi za pikapu tu, pleyi 8 (za kubebea mizigo), ngumu kama jiwe. Muuzaji mmoja kaning'ang'aniza 195/70 R14 (hiyo 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana), eti kimo cha tairi kinakaribiana. Ni kweli, lakini hiyo inataka rimu kuanzia inchi 5. 185/70 R14 inakaa kwenye rimu yangu, ila kipenyo kinapungua kama sentimita 2, mshale wa spidi utanidanganya. Fundi wangu yeye anasema "funga tu bosi".

Sina mbio, ni Jumapili Bagamoyo na kurudi. Ninachoogopa ni lami ikilowa masika.

Sasa, nichukue 185/70 nivumilie mshale, au nitafute rimu za inchi 5.5 nivae 195/70? Na kuna aliyewahi kupata 175/80 R14 za gari ndogo hapa Dar? Natanguliza shukrani.