Mnaopaki kwenye maegesho ya wenye ulemavu hapa Dar: nimekaa juani saa nzima kwa sababu yenu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jumamosi iliyopita, saa saba mchana, nimekaa nje ya gari langu mwenyewe saa moja na dakika kumi, ufunguo mkononi, nashindwa kuingia. Nilikuwa nimetoka kununua mahitaji ya wiki kwenye duka kubwa moja upande wa Mikocheni. Samaki wa barafu walikuwa wanayeyuka kwenye mapaja yangu, maji yanachuruzika mpaka kwenye viatu, na mimi sisikii kama yamefika, naona tu soksi zimelowa. Kisa chenyewe: mtu mzima mwenye miguu yake yote miwili kaona uwazi kando ya gari langu, akachomeka Prado.

Mimi natumia kiti mwendo. Ajali ya bodaboda mwaka 2016, uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka chini sina hisia. Naendesha gari la otomatiki lililofungwa fimbo ya mkono: nikisukuma ni breki, nikivuta ni mafuta. Nafanya kazi, nalea watoto wawili, nalipa kodi ya nyumba, naenda sokoni. Sijaomba mtu aninunulie samaki.

Sasa ngoja niwaeleze ninavyoshuka, maana naona wengi hamjawahi hata kuliwaza. Nafungua mlango mpaka mwisho kabisa. Navuta fremu ya kiti kutoka siti ya abiria, naipitisha juu ya kifua, naishusha chini. Nachukua tairi la kwanza nalichomeka mpaka lilie "ta", halafu la pili. Naweka mto, nafunga breki za kiti. Ndipo najihamisha: mkono mmoja kwenye kiti, mwingine kwenye siti ya gari, najinyanyua, natua, kisha naishusha miguu kwa mikono, mmoja baada ya mwingine. Kurudi ndani ni hivyo hivyo kinyumenyume. Mlango ukifunguka nusu, hakuna hata hatua moja ya hizo inayowezekana. Hapo hakuna cha kusema nijikaze kidogo.

Twende kwenye hesabu. Paking ya kawaida ina upana wa kama mita 2.4. Gari dogo linakula kama mita 1.7. Likikaa katikati, kila upande unabaki na kama sentimita 35, na jirani yako naye hivyo hivyo. Wewe unayetembea unajipenyeza kiubavu, unavuta tumbo, unapita. Kiti changu kina upana wa sentimita 65, tena mlango bado haujafunguliwa. Ndiyo sababu paking yetu huongezewa kama mita 1.2 pembeni, ile sehemu iliyochorwa mistari ya mshazari. Wengi mnaiona kama nafasi iliyosahaulika, mnasema "hapa gari linaingia". Jamani, ile mistari ndiyo mlango wangu. Ukipaki pale umenifungia nje, au umenifungia ndani.

Na hili la kwamba tumependelewa kuwekwa karibu na mlango wa duka, naomba life leo. Niwekeni mwisho kabisa kule kwenye ukuta, nitajisukuma mwenyewe, mikono ninayo. Ninachotaka ni upana.

Nilimwita mlinzi. Kijana mdogo, akaja mbio. "Kaka, nisamehe sana. Nilimwambia hapo hapana, akaniambia anaingia mara moja tu. Nikimkomalia ataniripoti kwa bosi, na mimi hapa nina miezi miwili." Akauliza kama anibebe aniingizie upande wa abiria. Nikamwambia, mdogo wangu, mgongo huu una vyuma ndani, siwezi kubebwa kama gunia. Wakatangaza namba za gari kwenye spika za dukani mara tatu. Hakutoka mtu. Yule kijana akaenda akachukua boksi la kadibodi, akasimama ananikingia jua kichwani, mkono ukimchoka anabadilisha. Mungu ambariki. (Na mtakaokuja kuniambia "si ungempa mtu akutolee gari": mlinzi hajui kuendesha, na gari la fimbo ya mkono simkabidhi mpita njia akaligonge ukutani.)

Mwenye Prado akatoka. Mkononi ana mkate na soda ya kopo. Akaniangalia, akaangalia gari, akasema: "Aah, pole bro, sikujua kama kuna mtu."

Hukujua kama kuna mtu! Chini kuna mchoro wa kiti mwendo mkubwa kuliko tairi lako. Ukutani kuna kibao. Kwenye kioo changu cha nyuma nimebandika alama ileile. Ulijua unachofanya, ulichotegemea ni kwamba huyo mtu hatatokea. Namba zako ninazo, siziweki hapa, lakini natamani uusome uzi huu.

Mle ndani kuna paking mia na ushee. Zetu ni mbili. Moja nilikuwa mimi, nyingine walikuwa wamepanga pikipiki za kusambaza chakula.

Visingizio navijua vyote. "Dakika mbili tu." "Nipo ndani ya gari, akija mtu natoka", halafu nikija unabonyeza simu mpaka nikupigie honi mara nne, na unatoka umenuna kama mimi ndiye niliyekukosea. "Mbona kutwa nzima hajaja mlemavu yeyote?" Atakujaje, ndugu yangu? Akifika akakuta pamejaa anageuza anarudi nyumbani, wewe humwoni, unadhani hayupo. Mimi nimeshageuza hivyo mara nyingi sana, nyingine nimetoka Mbagala na foleni yote ile.

Hospitalini ndiko roho inakoniuma zaidi. Kuna moja ninapokwenda kliniki ambako nafasi za wenye ulemavu zimegeuzwa za wakubwa wa pale pale. Gari lilelile, kila Jumanne, mpaka limeacha alama ya oili juu ya mchoro. Nimeuliza, nikajibiwa "huyo ni daktari". Daktari anayeijua mifupa na mishipa kuliko mimi!

Mnaowekea koni pia, nia yenu naiona na nashukuru, ila fikirini kidogo. Nimefika peke yangu, koni iko katikati. Nani ashuke kuiondoa? Ili nishuke nahitaji kupaki, ili nipaki nahitaji koni itoke. Ukiweka koni, weka na mtu wa kuiondoa.

Tena tusianze kuwafokea watu tunaowaona wanatembea. Rafiki yangu ana mguu wa bandia ndani ya suruali, akitembea hatua thelathini kidonda kinaanza kuuma. Humjui kwa macho. Huyo aulizwe kwa adabu.

Sheria tunayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake nchi hii iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara yake ya 9 inataja majengo, barabara, usafiri, shule, hospitali, kwamba tufike kama wengine. Uingereza wenye ulemavu wana kadi maalumu ya kuweka kwenye kioo, na anayeitumia kadi isiyo yake anaweza kupigwa faini mpaka pauni 1,000. Hapa sijawahi kuona mlinzi akimuuliza dereva chochote. Lakini paki mbele ya lango la benki Posta uone kama hujafungwa mnyororo kabla hujamaliza kupanda ngazi. Kumbe tukitaka tunaweza.

Kwa hiyo simlaumu yule kijana wa mlinzi, nawalaumu waliomweka pale mikono mitupu. Mameneja wa maduka, mabenki na hospitali: mpeni mlinzi barua yenye saini yenu kwamba akimzuia mtu hafukuzwi kazi, awe mheshimiwa, awe nani. Mpeni mnyororo. Ile sehemu ya mistari isimamieni kama mnavyosimamia lango la kushushia mizigo, maana hapo sijawahi kuona Prado.

Meneja wa lile duka nimemwandikia barua Jumatatu, nikaipeleka kwa mkono. Mpaka leo kimya.

Wenye kiti mwendo, magongo, wenye wazazi waliopata kiharusi mnaowaendesha kliniki: ni wapi Dar hii mmewahi kufika mkakuta nafasi iko wazi na mlinzi anailinda kweli? Andikeni hapo chini, na mtaje mtaa. Samaki wa wiki hii sijanunua bado.