Wakuu naombeni ushauri: filta ya kanista kwa tangi kubwa la samaki, nichukue ipi?

Baba Wawili (mwanzisha uzi)
Habari za usiku wakuu. Nipo Tabata, Dar. Nina tangi la kioo sebuleni: urefu sentimita 150, upana 60, kimo 60, kama lita 700 hivi. Nafuga frontosa wa Kigoma, wale wa mistari saba. Nilikuwa nao tisa. Ndani ya wiki mbili wamekufa watatu.
Filta yangu ni kanista ya Kichina, ile ya kopo lililofungwa linalokaa nje ya tangi. Kuna Eheim Classic 600 mpya dukani, na kuna Fluval FX6 iliyotumika kwa mtu. Ipi itaniokoa? Nataka jibu kabla ya Jumamosi. Samaki hawa nimewalea tangu wakiwa urefu wa kidole, mwaka wa nne huu. Siku hizi nikiamka naogopa hata kusogelea lile tangi.

Dagaa Mchele
Frontosa sita sebuleni! Mkuu, ungezaliwa Kigoma ungeshawatia ndimu zamani. Pole lakini.

Fundi Kioo
Mimi nauliza meza. Umeliweka juu ya nini? Vipimo vyako vinatoa lita 540, sio 700. Hizo ni kilo 540 za maji peke yake, hujaweka kioo, mchanga wala mawe. Niliwahi kutengeneza tangi kama hilo, mteja akaliweka juu ya kabati la vyombo. Mwezi wa tatu kabati likalala upande mmoja, kioo cha mbele kikapata ufa kutoka kona hadi kona. Tulichota maji kwa sufuria hadi saa nane usiku. Piga picha ya meza kwanza.

Mama Ngisi
Pole sana kaka. Nikujibu ulichouliza. Classic 600 inasukuma lita 1000 kwa saa, na imetengenezwa kwa matangi yasiyozidi lita 600. Ni filta ya kudumu na haina makuu, ila kwako itakuwa inafika ukingoni, maana frontosa ni walaji na wachafuzi. FX6 ni jitu, ina nafasi ya kutosha ya sponji na vijiwe vya bakteria. Kumbuka tu kwamba namba ya kwenye boksi hupimwa filta ikiwa tupu. Ukishajaza sponji, na uchafu ukaingia, mkondo unapungua sana.
Ila filta ndogo haiui samaki watatu kwa wiki mbili baada ya miaka minne ya uzima. Unaisafishaje? Na wanakufa saa ngapi?

Baba Wawili
Nasafisha kila mwezi, sponji nazikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, sio ya bomba. Hilo nalijua, klorini inaua bakteria. Kufa, nawakuta asubuhi.
Halafu niseme ukweli, FX6 nimeshaitolea kianzio cha laki tatu. Kwa hiyo naomba tu mnithibitishie kwamba iko vizuri.

Mzee wa Ujiji
Vijana, frontosa ni samaki wa kina kirefu. Wanaowatoa ziwani huwapandisha kidogo kidogo, wanawapumzisha njiani, maana ukimleta juu kwa pupa tumbo linajaa hewa anaelea kama chupa. Nimekaa na wazamiaji, nimeona subira yao. Ndiyo maana nikisikia wamekufa mjini kwenye kioo, naumia. Ukichukua kiumbe cha watu kwao, umebeba dhamana.

Dagaa Mchele
Mzee ameongea. Natubu kuhusu ndimu.

Mama Ngisi
Kaka, umesema asubuhi. Wote watatu asubuhi? Hiyo filta usiku huwa inawaka?

Kuhe Mkavu
Namimi nangoja jibu la hapo. Wengi wanazima kuokoa luku. Filta ya wati 20 ikiwaka saa 24 haifiki hata nusu uniti. Ukiwa na uwezo wa kununua frontosa usilie na nusu uniti.

Baba Wawili
Sio luku. Sikutaka kulileta hapa kwa sababu ni mambo ya nyumbani. Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi wa tatu, anahudhuria kliniki. Chumba chake kimepakana na sebule, na filta imeanza kukwaruza, mlio kama kijiko ndani ya bilauri. Hajalalamika hata siku moja. Mke wangu ndiye aliyenong'ona kwamba mama halali. Kwa hiyo nazima saa nne usiku, nawasha saa kumi na moja alfajiri. Saa saba tu. Samaki nao wanalala, sioni tatizo liko wapi. Na siwezi kumwambia mama wa watu avumilie kelele kwa ajili ya samaki.

Shangazi Pendo
Umefanya vyema mwanangu. Mkwe ni mkwe. Samaki watapatikana wengine.

Mama Ngisi
Shangazi, heshima yake nakubaliana nayo kabisa. Ila hapo ndipo wanapofia.
Kaka, bakteria wanaosafisha maji yako wanaishi ndani ya kanista, na wanapumua. Mkondo ukisimama, hewa iliyomo mle ndani wanaimaliza kwa saa chache, na kwa joto la Dar ni haraka zaidi. Wanaanza kufa, uchafu unaoza bila hewa. Alfajiri ukiwasha, mchuzi wote ule unamwagika tangini kwa mpigo. Frontosa wanataka maji ya pH kubwa, yaani ya alkali, kama ya Ziwa Tanganyika, na pH ikiwa juu, amonia inayotoka kwenye uchafu wa samaki inakuwa sumu kali zaidi. Ukiwasha, maji ya kwanza yana harufu gani?

Baba Wawili
Yai viza. Nilidhani ni mabomba yamezeeka.

Nahodha Tanga
Wadau samahani, hii ni chai. Mtu amekaa na tangi miaka minne hajui ni lita ngapi? Anataja filta mbili kwa majina kamili, amelipa kianzio, anataka tuthibitishe FX6 ni nzuri. Kesho itatua namba ya simu hapa. Mama mkwe wa nini kwenye uzi wa filta?

Kuhe Mkavu
Nami nilishaanza kuhisi hivyo.

Shangazi Pendo
Mtu analia mnamwita mwongo. Sio vizuri.

Baba Wawili
Lita 700 ni kauli ya fundi aliyeniuzia, nami sikupima. Sina cha kuuza. Wa nne amekufa leo, ni jike kubwa, bado liko kwenye beseni naliangalia.

Nahodha Tanga
Kama ni kweli, chomoa umeme, fungua kichwa cha filta, toa impela, kile kipande chenye sumaku kinachozunguka kusukuma maji, utuambie umeona nini. Tangazo halina impela.

Baba Wawili
Nimefungua. Ule mhimili mwembamba mweupe wa kauri umekatika vipande viwili. Pangaboi moja limelika upande, na kwenye kishimo chake kulikuwa na kipande cha gamba la konokono, dogo kama punje ya mchele. Sumaku imepakwa ute wa kahawia. Vidole vinanuka hadi sasa.

Nahodha Tanga
Mkuu nisamehe. Hayo hayatungwi. Kelele yako ni huo mhimili. Impela na mhimili vinauzwa peke yake, huna haja ya filta nzima.

Mama Ngisi
Leo usiwashe kabla ya kusuuza kila kitu kwa maji ya tangi na kumwaga yote yaliyomo mle ndani. Badilisha theluthi moja ya maji, maji mapya uyatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Bomba la kurudisha liinue litikise uso wa maji. Pete ya mpira ya kichwa cha filta ipake grisi ya silikoni, sio mafuta ya mgando, yanailegeza. Na tafuta pampu ya hewa ya betri: umeme ukikatika usiku itakuwa ni yaleyale.

Baba Wawili
Nashukuru sana. FX6 naichukua hata hivyo, laki tatu hairudi.

Mama Ngisi
Chukua, ila iendeshe pamoja na ya zamani wiki sita, bakteria wapate kuota kwenye mpya, ndipo uizime ya zamani. Ukibadilisha kwa siku moja utawazika wote.

Baba Wawili
Mrejesho wakuu, siku ya tano. Impela imefungwa, filta inawaka usiku na mchana. Watano wapo, dume amekula jana kwa mara ya kwanza. Leo alfajiri mama mkwe amemwita mke wangu akamuuliza kama umeme umekatika, maana hasikii kitu kule sebuleni.